Anti, ni kweli ini la baba litaota tena tukilisafisha?

Shikamoo Anti, pole na kazi.

Mi ni binti wa miaka 27, kwetu Tandahimba ila naishi Mtwara mjini, Chikongola, nina kibanda cha miamala ya simu. Nakuandikia usiku manake mchana wateja ni wengi na nikianza kuliwaza hili jambo machozi yananitoka mbele za watu.

Baba yangu ana miaka 58. Mwezi wa sita akaanza kuchoka, yaani mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kwenye mikorosho akawa anakaa barazani mpaka jua linapanda, chakula hataki, tumbo linamjaa gesi. Tukasema ni salfa hiyo, kwa sababu ndo ulikuwa msimu wa kupulizia na yeye hufunga kitambaa tu puani. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo, hamna nafuu, nikamleta huku mjini akapimwa damu na ultrasaundi. Majibu nimeyashika hapa: ana homa ya ini B, AST 92 na pembeni wameandika mwisho wa kawaida ni 40, chembe sahani 118, halafu ultrasaundi inasema uso wa ini una vinundu vinundu na bandama limekua kidogo, maji tumboni hamna. Aliyetusomea alikuwa na foleni mpaka nje, akasema tu "ini la mzee limeshaingia makovu, hili halina dawa, mtunzeni", akaita mwingine. Baba alitoka pale hajasema neno mpaka tunafika stendi.

Sasa Anti nyumbani hapakaliki.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, na unajua kwetu mjomba akisema amesema, kaletewa klipu kwenye grupu la WhatsApp. Humo kuna jamaa anasema ini ndo kiungo pekee ukikikata kinaota tena, kwahiyo makovu ni uchafu tu uliogandia, ukilisafisha linaota jipya. Dawa yake ni chupa 6, chupa moja 80,000, jumla 480,000. Hela hiyo hatuna. Mjomba anataka korosho za msimu huu tuziuze kwa kangomba, zikiwa bado maua juu ya mti, tupate hela sasa hivi. Na hapohapo anamwambia baba asijali, mabibo yakianza atakunywa uraka wake kidogo kama miaka yote kwa kuwa ini litakuwa linaota. Baba mwenyewe kafurahi, ndo mara ya kwanza namwona anacheka tangu tutoke hospitali, sasa mimi nikipinga naonekana kama simtakii mema.

La pili ni mama. Kanuna. Aliambiwa huu ugonjwa unapita kwenye tendo la ndoa, basi imekuwa kautoa wapi, miaka 31 ya ndoa, hamwongeleshi. Kikombe cha baba, kile cha bati cha bluu, shangazi kakipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono wake ili mtu asikosee. Sahani yake inaoshwa kivyake. Baba anaiona ile rangi kila akinywa chai na hasemi kitu.

La tatu ni langu mwenyewe, sijamwambia mtu. Kama kweli ini linaota, mi niko tayari wanikate wampe baba kipande. Nimegugo usiku mzima naona wanafanya nje huko. Inawezekana? Na je ni kweli linaota au mjomba kadanganywa? Manake wa hospitali kasema halina dawa, wa klipu kasema linaota, na wote wanaongea kama watu wenye uhakika.

Nijibu Anti, mtu wa kangomba kaambiwa aje mwisho wa mwezi kuangalia miti.

Binti wa Tandahimba

*

Marahaba mwanangu, poleni sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla sijaanza kuwajibu watu hapa nilifanya kazi maabara miaka mingi Dar, kazi yangu ilikuwa kupaka rangi vinyama vya ini vinavyotolewa kwa wagonjwa na sindano, tunavikata vyembamba kuliko karatasi, naviweka kwenye kioo, daktari anavisoma. Kwahiyo makovu ya ini sikuhadithiwa, nimeyaona.

Nianze na kangomba kwa sababu ndo yenye tarehe. Msiuze. Na chupa hata moja msinunue. Sababu nakupa, na nataka uielewe kiasi cha kumweleza mjomba bila kumvunjia heshima, manake mjomba kadanganywa kwa kitu ambacho nusu yake ni kweli kabisa, na uongo wa namna hiyo ndo mgumu kuutoa kichwani mwa mtu.

Nusu ya kweli ni hii. Ini linakua tena. Mwaka 1931 watafiti wawili Marekani, Higgins na Anderson, walikata theluthi mbili ya ini la panya, na baada ya wiki chache tu uzito ukawa umerudi. Binadamu hivyohivyo, ini la mtu mzima ni kama kilo moja na nusu, mtu akitoa upande wote wa kulia kumpa ndugu yake, ndani ya miezi michache ini lake linakaribia ukubwa wa mwanzo. Hata bila kukatwa seli za ini zinajibadilisha zenyewe, mwaka 2022 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walipima umri wa seli hizo kwa kufuatilia kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kwa wastani hazifiki miaka 3, uwe kijana uwe mzee wa miaka 80. Mi hiyo habari nilipoisoma nilikaa kimya kidogo. Mzee ana mvi kichwa kizima, ini lake ni la umri wa mtoto ambaye hata chekechea hajaanza.

Sasa sikia panapopotoshwa. Kile kipande kilichokatwa hakirudi. Ini halichipui kama mkorosho uliokatwa ukabaki kisiki ukatoa machipukizi. Kinachotokea ni kwamba kile kilichobaki ndo kinanenepa mpaka kinatosha kazi, seli nzima zinagawanyika, na zinaweza kwa sababu ni nzima, zina nafasi na damu inazifikia. Panya wa 1931 alikuwa na ini lisilo na ugonjwa wowote. Baba hajakatwa ini, baba ini lake limekuwa likiumizwa kidogo kidogo kila siku kwa miaka, na hilo ni jambo jingine.

Kwenye ini kuna seli zinaitwa seli za nyota, Mjerumani Kupffer alizieleza mwaka 1876. Siku za amani zimetulia tu zinatunza vitamini A ya mwili. Ini likiumia zinaimwaga ile akiba, zinabadilika umbo na tabia, zinaanza kusuka nyuzi za kolajeni kuziba pengo. Umeshapita Mikindani ukawaona wale wazee wanaoshona nyavu? Wavu ukichanika sehemu moja anashona, kesho unarudi majini, hamna shida. Lakini ukichanika kila siku na yeye kila siku anashona juu ya mshono wa jana, mwisho wake wavu mzima unakuwa mafundo. Kwa baba kinachochana ni virusi vya B, na virusi vyenyewe wala haviui seli, ni kinga ya mwili wake inayozishambulia seli zenye virusi ikidhani inamsaidia, halafu msimu wa mabibo uraka unachana na wenyewe upande wa pili.

Maabara tulikuwa na rangi inaitwa Sirius, inapaka kolajeni nyekundu. Ini zima ukilipaka unaona manjano imetulia na wekundu kidogo tu kuzunguka mishipa. Ini lenye sirosisi, yaani makovu yaliyokomaa, mistari myekundu inakatiza kila upande, imeungana, imefunga seli ndani yake visiwa visiwa. Vile visiwa mwanangu ndo vinundu vilivyoandikwa kwenye ripoti ya baba. Na vinundu hivyo ni nini? Ni ini likiota! Seli zimegawanyika kama kawaida yake ila ndani ya uzio, hazina pa kwenda, damu haizifikii sawasawa, zinavimba palepale zilipofungiwa. Kwahiyo mjomba akisema tuliache ini liote, mwambie mjomba limekuwa likiota miaka yote hii na ndo hicho ultrasaundi ilichokiona. Kuota halijawahi kuacha, shida ni kwamba na kuumizwa nako hakujaacha.

Na kovu si uchafu. Ni nyuzi zilizosukwa zikafungamana, kama kovu la panga mguuni, nani amewahi kuliosha kovu la mguu kwa kunywa kitu? Hiyo dawa ya chupa sijui ina nini ndani na ninyi hamjui, na kila unachomeza ini ndo linakipokea na kukivunjavunja. Nilishapokea vinyama vya watu waliolazwa macho yamegeuka manjano baada ya dawa za chupa za namna hiyo, wengine hawakuwa na ugonjwa wa ini kabla. Ini la baba halina akiba ya kufanyia majaribio.

Ila na huyo aliyewasomea majibu, pale aliposema hili halina dawa, naomba nimpinge kwa adabu zote. Ndivyo ilivyofundishwa zamani. Mwaka 1998 kikundi cha watafiti Uingereza kikiongozwa na John Iredale kiliwapa panya kemikali ya kuharibu ini wiki 4 mpaka makovu yakatokea, kisha wakaacha. Wakaona zile seli za nyota zilizogeuka mafundi wa kovu zinakufa zenyewe kwa wingi, vimeng'enya vya mwili vinapata nafasi ya kula zile nyuzi, na kovu likapungua. Yaani mwili una wabomoaji wake, wanasubiri tu wajenzi waache.

Hao ni panya, najua utasema hivyo. Basi sikia ya watu. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia dawa ya tenofovir miaka 5, wakatolewa kinyama cha ini mwanzoni na mwishoni ili kufananisha. Wagonjwa 96 walianza wakiwa tayari na sirosisi. Baada ya ile miaka 5, 71 kati yao hawakuwa nayo tena. Rudia kuisoma hiyo namba, halafu mwite baba umsomee na yeye. Hakuna aliyewasafisha, walikuwa wanameza dawa kila siku virusi vikanyamaza, ini likafanya lenyewe. Siwezi kukuahidi kwamba baba atakuwa kwenye wale 71, 25 walibaki na sirosisi yao, na uzito mkubwa wa mwili ulikuwa moja ya mambo yaliyoonekana kuwarudisha watu nyuma. Lakini baba aliondoka pale akiwa ameambiwa hamna kitu, na kitu kipo.

Dawa ya kuyeyusha kovu moja kwa moja, unaimeza kovu linapotea hata kama chanzo bado kipo, watafiti wanaitafuta miaka mingi na nyingi zimeanguka kwenye majaribio. Mwaka 2024 Marekani waliidhinisha resmetirom, hiyo ni ya ini lenye mafuta lililoanza makovu ila halijafika sirosisi, haimhusu baba. Edinburgh, Uskoti, wanajaribu kuchukua chembe za damu za mgonjwa, wanazikuza ziwe zile chembe zinazokula kovu, wanamrudishia mwenyewe. Hao wote na maabara zao bado wanahangaika, huyu wa klipu kaipata wapi kwa 80,000?

Haya, namba zako. Nimezipigia hesabu na wewe piga hapo kwenye simu. AST ni kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, na chembe sahani ni zile zinazogandisha damu. Chukua AST ya baba 92 gawa kwa 40, unapata 2.3, zidisha kwa 100 inakuwa 230, sasa gawa kwa chembe sahani 118, inakuja 1.95. Hesabu hiyo inaitwa APRI. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, ikizidi 0.5 kuna makovu ya kuhesabika, ikizidi 1 ni dalili ya sirosisi, na mtu huyo aanzishiwe dawa bila kusubiri kipimo cha wingi wa virusi. Pombe inaweza kuipandisha AST kwahiyo namba peke yake haimalizi maneno, lakini ukiiweka pamoja na vinundu na bandama lililokua, mi sioni cha kungoja. Kuna na mashine inaitwa FibroScan, inagonga ubavuni na kupima mtikisiko unavyopita kwenye ini, kama unavyogonga nazi sokoni ukajua ndani kukoje, ini gumu mtikisiko unapita haraka. Mkiipata sawa, mkiikosa isiwacheleweshe.

Na ile sentensi ya maji tumboni hamna, hiyo ndo nzuri kuliko zote kwenye karatasi yenu. Maana yake ini lina kovu ila bado linamudu kazi. Mko kwenye muda.

Kwahiyo hela ya nauli mnayo, mrudishe baba hospitali, iwe Ligula au hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, karatasi zote mkononi, na kabla hujakaa kwenye kiti sema: tunaomba baba aanzishiwe tenofovir. Watampima VVU kwanza na figo, msishtuke, VVU ni kwa sababu tenofovir ni dawa ya huko pia na mtu mwenye virusi hivyo akiimeza peke yake vinaizoea. Ndo maana vilevile msiazime vidonge vya jirani, vile vimechanganywa na dawa nyingine. Akishaanza asiache hata akijisikia mzima kabisa, ukiikatisha ghafla virusi vinarudi kwa hasira na ini lenye kovu linaweza kushindwa moja kwa moja. Ultrasaundi kila miezi 6, hii ni kwa ajili ya kuwahi saratani ya ini, hatari yake inapungua kwa dawa ila haiishi hata kovu likipungua. Na uliza kuhusu kuangaliwa kwa kamera kwenye koo la chakula, manake kovu likibana damu inatafuta njia nyingine, mishipa ya pale inavimba na inaweza kupasuka. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, tumbo likijaa, macho yakiwa ya manjano, au akianza kuongea vitu visivyoeleweka, hiyo ni safari ya usiku huohuo, hamsubiri kukuche.

Uraka hapana. Si kidogo, hapana kabisa, na gongo usiitaje. Najua ninachokiomba, mwezi wa kumi Tandahimba nzima inanukia mabibo na mwanaume asiyekaa na wenzake anaonekana anajitenga. Hapo akae kwenye kijiwe cha kahawa. Kahawa chungu ile ile ya vikombe vidogo, tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka zimekuta wanywaji wa kahawa ini lao linapata makovu kidogo kuliko wasiokunywa. Siiti dawa, ila ni sehemu ya kukaa na watu mkono ukiwa na kikombe. Chakula ale, samaki, kunde, choroko, na asilale njaa, ule ushauri wa zamani wa kuwanyima protini wagonjwa wa ini uliwakondesha watu bure, ng'onda tu apunguze kwa ajili ya chumvi. Karanga zilizoota ukungu au zenye ladha chungu mtupe, msiwape hata kuku, ule ukungu una sumukuvu na sumukuvu ikikutana na virusi vya B hatari ya saratani inazidishwa. Mgongo ukimuuma asimeze diklofenaki, hizo zinaumiza figo na kutoa damu, paracetamol inaruhusiwa ila isizidi vidonge 4 vya 500 kwa siku na aiseme kliniki. Salfa haikumletea hili, ila puani avae barakoa ya maana, kifua chake nacho ni chake.

Mama sasa. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa naye. Mtu mzima akipata virusi vya B, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili unavifukuza wenyewe. Mtoto mchanga akivipata, kama 90 kati ya 100 anabaki navyo maisha yote. Kwa mtu wa umri wa baba, ambaye ini lake limeshafika kwenye sirosisi, kuna uwezekano mkubwa sana alivipata akiwa mtoto huko kijijini, kwa mama yake siku ya kuzaliwa, au wembe mmoja uliopita kwa watoto wengi, chale, jando, vidonda vya kucheza. Miaka ile nani alikuwa anajua? Virusi vyenyewe vilianza kutambuliwa na Baruch Blumberg mwaka 1965. Mama alikutana na baba tayari anavyo na baba hakujua. Hakuna kesi hapo ya kukalia kimya.

Ila apimwe mama, upimwe na wewe, na wadogo zako wote, ni kipimo cha tone la damu. Wewe una miaka 27, chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga iliingia nchini 2002, haikukukuta. Mkiwa hamna virusi mnachanjwa dozi 3, leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Mkikutwa navyo mnaanza kufuatiliwa mapema kabla ini halijafika kwenye vinundu. Virusi hivi vinapita kwenye damu na tendo la ndoa, nyembe na miswaki kila mtu awe na wake. Sahani, kikombe, mkono wa kusalimia, kula sinia moja, hapana.

Kuhusu kipande chako cha ini, hapo nilisimama nikanywa maji. Jibu ni kwamba inafanyika, wagonjwa wetu husafiri nje, India hasa, mtoaji anakatwa hata zaidi ya nusu ya ini na lililobaki linakua. Ni upasuaji mkubwa kwa mtoaji pia, wapo wachache waliopoteza maisha, na anayepandikizwa anameza dawa maisha yake yote. Hicho kinafanyika ini likishindwa kazi, la baba halijashindwa. Kwahiyo weka akiba hilo wazo lako. Ini lako kwa sasa kazi yake ni kukufikisha kibandani asubuhi ili nauli ya kliniki isikosekane.

Kwa mjomba usiende na maneno ya kumshinda. Nenda na zile karatasi, mwambie mjomba tunaomba utupeleke wewe hospitali, wewe ndo mkubwa, wewe ndo umuulize daktari. Akisikia mwenyewe hiyo habari ya vinundu atakuja kuieleza kijiji kizima kuliko wewe ungeweza. Na umwombe asimamie korosho zifike kwenye mnada wa stakabadhi ghalani badala ya kangomba, manake dawa ya baba ni ya miaka, si ya chupa 6, na bei ya maua juu ya mti unaijua.

Kikombe cha bluu ukifika Tandahimba kichukue wewe. Kiondoa rangi ya kucha hakikosekani kwenye pochi yako, futa ule mkono mpaka bati lionekane, mimina chai, kunywa wewe kwanza mbele ya shangazi, halafu mpe baba. Majibu ya kliniki yakitoka niandikie namba tu, tutazisoma wote.

Anti